Kaya Moja, Mkopo Mmoja

Watu wa mjini wakiniuliza nimeolewa na nani, huwa nawaambia nimeolewa na mama mmoja wa Butiama, kisha nanyamaza mpaka wamalize kucheka. Wengine hudhani ni utani. Wengine, hasa wageni waliokuja Mara kikazi, hunitazama upya kuanzia miguuni. Wenyeji hawacheki wala hawashangai. Wao huuliza swali moja tu: ng'ombe walitoka? Walitoka. Baba yangu aliwapokea mwenyewe, na kabla mwaka haujageuka walikuwa wameshatoka tena zizini kwake kwenda kumwolea kaka yangu mke.

Kwetu jambo hili lina jina lake, nyumba ntobhu, na halina siri. Mwanamke aliyefiwa na mume bila kujaliwa mtoto wa kiume, mwenye mji na shamba lakini hana wa kumwachia, hutoa ng'ombe zake akaoa binti. Yule binti huwa mkamwana wake, mke wa mwana ambaye hakuzaliwa. Watoto atakaowapata ni wa nyumba ile, huitwa kwa jina la marehemu wa nyumba ile, na shamba ni lao. Mapadri hawalipendi jambo hili. Mama mwenyewe ni Mkatoliki asiyekosa misa, na padri alipomwita kumsema alimsikiliza mpaka mwisho, akamjibu, "Baba, wewe utanizika, lakini hutanirithi." Hakuitwa tena.

Mimi nilipoolewa nilikuwa nimefeli kidato cha nne na nina mimba ambayo mwenyewe alikuwa ameikimbia. Nyumbani kwetu Bunda baba alikuwa haniangalii usoni. Alikuja mama huyu akakaa sebuleni, akasema anamtaka binti na kilichomo tumboni vyote pamoja. Kwa hiyo mwanangu alizaliwa ana ukoo, ana babu aliyelala kaburini Butiama mwenye jina la kumpa, ana shamba. Msichana mwenye mimba ya kukimbiwa akipata hayo asianze kuchagua. Nilimwita mama tangu siku ya kwanza. Hakuwa mtu wa kelele. Akiudhika alinuna, na kununa alikujua vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kuishi naye. Mimi nina hasira za karibu, nawaka na kuzimika kabla chungu hakijachemka, kwa hiyo katika nyumba yetu mmoja alikuwa anapiga kelele na mwingine ananyamaza, na mambo yalikwenda.

Mvua zilipoanza kutuchezea tulihamia Musoma kufanya biashara ya dagaa. Tulipanga vyumba viwili juu kidogo ya mwalo wa Mwigobero, mitumbwi inaposhusha samaki, tukapata kizimba sokoni na sehemu ya kuanikia karibu na maji. Wengi walikuwa wanaanika mchangani. Sisi tulijenga vichanja vya miti na nyavu, kwa sababu mama alisema hawezi kumuuzia mtu mchanga kwa bei ya samaki. Mwanangu alikuwa anasoma bweni. Nyumba ya Butiama tuliifunga kwa kufuli, jirani akawa anatufagilia uwanja, nasi tulikuwa tunakwenda wakati wa kulima na wakati wa kuvuna.

Kufuli ile ndiyo iliyomtia maneno shemeji yake mama, mdogo wake marehemu, ambaye mimi humwita baba mdogo. Alikuwa anaishi ng'ambo ya shamba letu, na kwa miaka yote hakuwa na neno. Halafu wachimba dhahabu wakaanza kutoka Buhemba na kusogea upande wetu wakipimapima ardhi, na baba mdogo akagundua kwamba kaka yake alikufa bila mtoto wa kiume. Alianza kusema vilabuni, kisha akasema kanisani baada ya misa, kisha akapeleka kwa wazee wa ukoo: ile nyumba haina mtu. Wazee wakasema watakaa wasikilize.

Mambo yalikuwa hapo ziwa lilipopanda. Halikupanda kwa dhoruba. Kila asubuhi tulikuta limesogea kidogo, na kila asubuhi watu wa Mwigobero walisema litarudi, limeshawahi kufanya hivi. Siku moja nikakuta vichanja vyetu vimesimama majini kama watu wanaooga. Baadaye vikaanguka. Baadaye maji yakaingia kizimbani, yakalowesha magunia ya dagaa tuliokuwa tumewaweka kungoja bei, na dagaa mkavu akishaloa hivyo hata bata anamkataa. Tuliwazika nyuma ya choo. Mama alikuwa anachimba na mimi namwaga.

Ndipo likaja tangazo la mkopo wa dharura. Serikali ilikuwa imeipa halmashauri fedha kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo waliopigwa na maji, na fedha za wanawake zilipitishwa kwenye chama cha akiba na mikopo cha kinamama wa soko, ambacho tulikuwa wanachama. Riba haikuwepo. Katibu wa chama alipanda juu ya kreti ya soda pale sokoni akatusomea masharti. Kila kikundi watu watano. Kaya moja mtu mmoja. Mwenye mume alete ridhaa ya mume. Usaili ni mwisho wa wiki mbele ya afisa maendeleo ya jamii na mtendaji wa mtaa, na asiyekuwa tayari siku hiyo amekosa.

Siwezi kuyalaumu masharti. Ziko nyumba mtaani kwetu ambazo mkopo ukitangazwa huandikishana mpaka kuku. Lakini aliposema kaya moja mtu mmoja, mama na mimi tulitazamana. Kikundi chetu cha watano kilikuwa tayari, mama mwenyekiti, mimi katibu, na wenzetu watatu wa sokoni. Tulikuwa tumeshapiga hesabu kwamba sehemu ya mama itajenga vichanja na kizimba upya mahali pa juu, na yangu itanunua dagaa. Giza la mwezi lilikuwa linakaribia, mitumbwi ingeingia ziwani na taa zake, na mvuvi aliyezoea kukuuzia akikukuta mwaloni mikono mitupu humuuzia mwingine, na huyo mwingine ndiye atakayekuwa naye mwaka mzima. Kwa sehemu moja tungekuwa na samaki bila pa kuwaanika, au pa kuanika bila samaki.

Mwenzetu mmoja, mkaanga sangara, mwanamke mwenye sauti ya kuitia feri, aliona ni jambo dogo.

"Sema hujaolewa," akaniambia. "Unakaa chumba chako, yeye chumba chake. Nani atakuja kuchungulia?"

"Nimeolewa."

"Basi sema mume kasafiri. Wa kwangu nimemwandikaga kasafiri tangu mwaka juzi, na yuko pale anacheza drafti."

"Mume gani? Nimtaje nani?"

Hakunielewa, na sikumlaumu. Mume wake, hata akiwa kwenye drafti, alikuwapo. Mimi nikimtaja mwanamume yeyote mbele ya mtendaji nimempa mwanangu baba mwingine. Nikisema sijaolewa, ng'ombe walitoka bure na mwanangu ni mtoto wa barabarani. Na neno likisemwa mbele ya mtendaji wa Musoma hufika Butiama kabla ya basi. Baba mdogo alikuwa anangoja neno kama hilo tu awapelekee wazee.

Nyumbani mama alikuwa anachambua mchele wa mchana. Hakuinua macho.

"Utasema hujaolewa. Basi."

"Siwezi kusema hivyo, mama."

"Unasemaga mambo mengi wewe. Hilo ndio linakushinda?"

"Na mtoto?"

"Mtoto anataka ada. Shamba halikimbii."

"Shamba halikimbii lakini shemeji yako ana miguu."

Akamwaga mawe ya mchele nje, akarudi kukaa. Nilimwambia maneno ambayo hata sasa nikiyakumbuka nasikia joto shingoni. Nilimwambia alininunua kwa ng'ombe na sasa ananirudisha dukani kwa sababu ya dagaa. Alinuna. Nilijua nimemchoma, na nilikuwa na hasira kiasi kwamba nilifurahi.

Kesho yake nikapanda basi kwenda Bunda kumwona baba. Sijui nilitegemea nini. Labda nilitaka mtu mzima mmoja aniambie kwamba neno la kuombea mkopo si neno, ni upepo. Nilimkuta kwake Manyamanyama amekaa mlangoni pa duka la kaka yangu, akinywa chai ya rangi. Nilimweleza. Kikombe kikasimama hewani.

"Ukisema hujaolewa," akasema, "hizo ng'ombe zinadaiwa."

"Mama hawezi kukudai."

"Si yeye. Ni ukoo. Huyo shemeji yake atazidai kesho asubuhi. Na ziko wapi? Zilienda kumwoa mke wa kaka yako." Akageuza kichwa kidogo kuelekea dukani, ambako wifi yangu alikuwa anampimia mteja sukari, ana mtoto mgongoni na mwingine ameshika gauni. "Sasa nikamwambie nini huyu? Arudi kwao?"

Wifi alitusikia. Alimaliza kupima, akafunga kile kifurushi polepole, akaniletea chai bila kunitazama. Nilikunywa chai ile mpaka mwisho. Nilikuwa nimekwenda Bunda na mzigo mmoja, nikarudi na miwili. Kumbe ng'ombe zangu zilikuwa zimeishikilia nyumba ya watu wengine wenye watoto wao, na mimi kwa maneno mawili ofisini ningeweza kuibomoa.

Niliporudi nilimwambia mama waziwazi kwamba sitakana. Nikiulizwa nitasema nilivyo. Kama ni kukosa mkopo, tukose. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, lakini akasema tu, "Sawa," akaendelea kushona nyavu. Nilidhani amekubali.

Siku ya usaili ofisi ya chama ilijaa. Nje kulikuwa na benchi la wanawake waliokosa kikundi, wamekaa wakingoja pengine mtu ataugua. Ndani kulikuwa na meza, na nyuma ya meza afisa maendeleo ya jamii, dada kijana aliyehamia kutoka mikoa ya kusini, mpole, mwenye mwandiko mzuri. Pembeni yake mtendaji wa mtaa, mtu wa huku huku kwetu, alikuwa anajipepea kwa faili. Tulikaa sote watano kwenye kiti kirefu, na kila mmoja alijibu mbele ya wenzake. Walianza na mwenyekiti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Pole sana na maji. Nyumbani unaishi na nani?"

"Peke yangu."

Nilimgeukia, lakini alikuwa anaangalia kalamu ya yule dada.

"Huna mtoto, mjukuu, mkwe unayekaa naye?"

"Mabinti waliolewaga zamani. Niko peke yangu."

Dada akaandika. Mtendaji akaacha kujipepea, akamtazama mama, akanitazama mimi, akaanza tena kujipepea. Alikuwa anatujua. Mkaanga sangara akanigusa goti, maana yake sasa njia imefunguliwa, pita. Nilikuwa sisikii. Masikioni mwangu lilikuwa linazunguka neno moja tu, kwamba miaka yote ile, ugali wote ule wa udaga, wa muhogo uliovundikwa, tuliokula sahani moja, dagaa wote wale tuliowazika, na mbele ya watu mimi si mtu. Nilitaka kulia na nilitaka kumrukia. Wenzetu walijibu, nadhani walijibu vizuri. Zamu yangu ikafika.

"Na wewe dada, umeolewa?"

"Nimeolewa."

"Ridhaa ya mume umekuja nayo?"

"Mume wangu yuko hapa."

Yule dada akatazama mlangoni, labda alidhani kuna mwanamume amesimama nje.

"Ni huyu mama," nikasema. "Alinitolea ng'ombe Butiama. Naishi kwake na mwanangu ni wa kwake."

Feni ilikuwa inazunguka juu yetu. Mkaanga sangara akasema kwa sauti ya chini, ambayo kwake ni sauti ya watu wote, "Umetumaliza." Dada akaweka kalamu mezani. Mtendaji akamwinamia, akamweleza kwa utulivu, nikasikia neno nyumba, neno ng'ombe, neno ukoo. Alisikiliza kwa heshima. Hakucheka, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Kisha akamgeukia mama.

"Mama, uliyoniambia nimeshayaandika."

Akatugeukia sote watano.

"Maelezo ya uongo yanaondoa kikundi kizima. Mnalijua hilo?"

Tulilijua, lilisomwa juu ya kreti. Dada akasema anatoka kumpigia mkubwa wake simu. Tulimwona kupitia dirishani akitembea huku na huku kwenye kivuli cha ukuta, mkono kiunoni. Wenzetu watatu walikuwa na watoto kama mimi, na vizimba vyao vilikuwa majini kama changu. Mmoja wao alikuwa analia kimyakimya, machozi yanamdondokea mapajani na hayafuti. Niliomba Mungu, lakini sikujua nimwombe nini, kwa sababu lile nililolitaka nilikuwa nimeshalivunja mwenyewe na nisingelirudisha.

Dada aliporudi alisema kaya moja mtu mmoja, hakuna namna. Mmoja wetu atoke, apatikane wa tano kabla ofisi haijafungwa, na maelezo ya mwanzo atayafuta kwa sharti kwamba aliyeyatoa ndiye anayetoka.

Mama alikuwa ameshasimama. "Mtoe mzee," akasema, akazungusha khanga yake kichwani kama mtu anayetoka msibani.

Wa tano alipatikana pale pale kwenye benchi, muuza vitumbua, ambaye aliingia akicheka kwa furaha na akaacha kucheka alipoona nyuso zetu. Ikabaki ridhaa ya mume wangu. Dada akageuza karatasi, akamwita mama kabla hajavuka kizingiti, akamwonyesha pa kuweka sahihi.

"Hapa kwenye uhusiano niandike nini?" akamuuliza mtendaji.

"Andika mume."

"Mume?"

"Huku tunaelewana. Andika."

Mama akainama akaandika jina lake kwa herufi kubwa za shule ya zamani, moja baada ya nyingine, akitoa ulimi kidogo. Alikuwa ameingia mwenyekiti wa kikundi mwenye fungu lake, akatoka hana fungu wala kikundi.

Tulipanda kilima kwenda nyumbani bila kuongozana, yeye mbele mimi nyuma. Mlangoni nikamwambia, "Ulinikana." Akanijibu, "Na wewe ulinitoa." Ikawa ndiyo mazungumzo yetu ya wiki nzima. Nilipika, alikula. Alifua, nilianika. Fedha ziliingia, nikanunua dagaa wa giza lile kutoka kwa mvuvi wetu, nikawaanika mchangani kama watu wengine, na kila nilipopepeta mchanga nilijua ananitazama kutoka juu na anajua bei yake.

Neno lilifika Butiama kama nilivyojua litafika, ila halikuwa langu. Wazee walituita. Tulikwenda siku ya Jumamosi na mwanangu alipewa ruhusa shuleni akaja. Walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki uani kwa baba mdogo mwenyewe, jambo ambalo sikulipenda, na baba mdogo alikuwa amevaa koti. Hakupoteza muda. Alisema hana ugomvi na mtu. Alisema shemeji yake kwa mdomo wake, mbele ya serikali, ametamka kwamba anaishi peke yake na hana mkwe wala mjukuu. Sasa kama mwenye nyumba mwenyewe amesema haina mtu, yeye ni nani abishe?

Nilimtazama mama. Kwa mara ya kwanza nilimwona ni mzee. Mkubwa wa wazee akamuuliza kama ni kweli alisema hivyo.

"Nilisema."

"Kwa nini?"

"Niliidanganya serikali nipate mkopo. Nani hapa hajaidanganyaga serikali?"

Mmoja akacheka, akaugeuza kuwa kikohozi. Yule mkubwa hakucheka.

"Ungemwachia huyu aseme hajaolewa. Ni kijana, angesamehewa. Kwa nini useme wewe?"

Mwanangu alikuwa amekaa chini karibu na miguu yangu, akichora mchangani kwa kijiti, na mama alikuwa anamwangalia yeye.

"Huyu aliniambia hatakana," akasema. "Nikajua nisiposema mimi wataendelea kumbana mpaka aseme. Na likisemwa, siku moja huyo mtoto atauliza nani aliikana nyumba yao. Nilitaka aambiwe ni bibi yake. Mimi nakaribia kufa, si nitaenda nalo. Mama yake bado anaishi naye."

Nilikuwa nimemnunia wiki nzima mtu aliyekuwa amebeba mzigo wangu. Nilijifunika uso kwa khanga, nikalia mbele za wanaume wale wote, na wala sikuona haya.

Wazee waliniuliza na mimi, nikajibu kama nilivyojibu ofisini. Walikwenda kuteta kando, wakarudi. Walisema nyumba ina watu, ng'ombe walitoka na mashahidi wapo, na mtoto ni wa marehemu. Baba mdogo akavua koti. Lakini walisema pia kwamba katika jambo moja ana haki. Nyumba isiyowashwa moto ni gofu, na gofu halina mwenyewe. Kuanzia msimu ule wa kulima lazima mmoja wetu alale pale, awashe moto, alime, aonekane. Wakituona wote wawili Musoma tena, wasilaumiwe.

Hatukujadiliana nani. Mkopo ulikuwa kwa jina langu. Kila mwezi lazima mimi mwenyewe nifike kwenye kikao cha kikundi na marejesho, nikikosa wenzangu wanne wananilipia na hawana cha kulipia. Kama lingekuwa jina lake, ningebaki mimi, ningelima, na yeye angeendelea kukaa Mwigobero kwenye kelele anazozipenda, akibishana bei na watu wa Mwanza. Mama alifungua kufuli, akafagia utando wa buibui, akaniomba nimwachie khanga moja kavu. Mwanangu na mimi tukapanda gari la mwisho.

Vichanja nimevijenga tena sasa, juu kidogo ya mahali maji yalipofika. Kila nikishapeleka marejesho nampigia simu. Huniuliza ziwa liko wapi, na kama nimeanza kuanika mchangani tena. Namuuliza mahindi, namuuliza mgongo, halafu namuuliza leo amekula na nani.

"Peke yangu," husema, na siku hizi hadanganyi.